Baba na Mtoto Katika Mkeka Mmoja

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu katika imani, wazee wetu na mama zetu. Leo maneno yangu ni kwa kina baba, hasa wenye watoto wadogo.

Hebu ihesabu siku ya baba katika mwezi huu. Alfajiri atoka, mtoto amelala. Alasiri arudi, swaumu imemshika, hataki kelele. Magharibi afuturu, aende tarawehe, kisha barazani na kahawa mpaka karibu na daku. Sasa huyu mtoto amemuona babake saa ngapi? Na mwezi wenyewe ndio huu twauita mwezi wa rehema.

Wa kwanza wetu hawakuwa hivyo. Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) asimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba watu wa Madina walipofunga Ashura waliwafungisha na watoto. Wakienda nao msikitini, wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu; mtoto akililia chakula, hupewa kile cha kuchezea mpaka futari ifike. Yaani vitu vya kuchezea ndani ya msikiti! Naye Mtume (S.A.W.) aliswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama, binti ya Zaynab. Akisujudu humuweka chini, akisimama humbeba tena. Na huyo ni mtoto wa kike, jambo ambalo sisi wa pwani twalisahau sana. Binti twamuachia mamake moja kwa moja.

Sisi je? Mtoto akicheka safu ya nyuma tu, mzee ageuka na jicho kali: "Toeni hawa!" Kwa heshima zote, wazee wangu, hili silikubali. Anayefukuzwa msikitini na miaka 5, akifika 15 tutamtafuta maskani, na tutakuta wenye muguka wamempokea vizuri kutushinda.

Basi rai yangu ni futari ya baba na mtoto, uani mwa msikiti, japo mara moja kwa wiki. Kina mama siku hiyo wapumzike. Mtoto ndiye agawe tende na maji, maana mtoto apenda kazi kuliko mawaidha. Wale sinia moja na baba. Ikiingia swala, asimame ubavuni mwa babake, asirundikwe nyuma na wenzake halafu tukashangaa wanacheza.

Na yule ambaye babake yuko Saudia au Qatar kikazi? Na yatima? Hapo tuwe macho, kwani futari kama hii yaweza kumuumiza asiye na wa kukaa naye. Kila baba mwenye nafasi achukue mtoto wa pili, wa jirani au wa nduguye, na apange na mama yake mapema, si kumuokota mlangoni.

Siku ya Idi vilevile. Usimpe mamake pesa za bembea za Makadara ukarudi kulala. Nenda naye.

Anayetaka kuanza mtaani kwake, haja ni ndogo: mikeka, birika za kunawia, na baba 10 waliokubaliana siku. Chakula kila mmoja aje na cha kwao. Baada ya tarawehe anayetaka baraza aende, lakini ampeleke mtoto nyumbani kwanza, kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.