Bunduki ya Zamani ya Kuwinda: Somo la Kusoma Herufi na Namba

 

Juma lililopita tulisoma maandishi yaliyobandikwa juu ya chupa za dawa. Leo tutasoma maandishi yaliyopigwa juu ya chuma. Tumechagua bunduki za kuwinda zilizotengenezwa zamani katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya. Wako watu wanaozikusanya na kuzitunza kwa kupenda kazi nzuri ya fundi. Bunduki hizo zina habari nyingi, lakini hazimwambii kitu mtu asiyesoma. Tena asiyesoma anaweza kuumia.

Kwanza tuitazame bunduki yenyewe. Ni bunduki ya komeo. Komeo hilo ni la chuma, nalo lina mkono kama komeo la mlango. Mwindaji akiinua mkono na kuvuta nyuma, ganda la risasi iliyokwisha pigwa hutupwa nje. Akisukuma mbele, risasi mpya huingia katika chemba, yaani nyumba ya risasi. Akiushusha mkono, komeo hujifunga. Ni lazima lifunge barabara, kwa maana baruti ikiwaka husukuma nyuma kama inavyosukuma mbele.

Sasa mwalimu aandike ubaoni herufi nne: S, A, K, O. Tusome pamoja: Sako. Herufi hizi zimetoka katika jina refu la Kifini, Suojeluskuntain Ase- ja Konepaja Osakeyhtiö. Maana yake ni kampuni ya karakana ya silaha na mitambo ya jeshi la raia wa kujitolea.

Ufini ilikuwa chini ya Urusi mpaka ilipojitangazia uhuru mwaka 1917. Bunduki nyingi za Kirusi zilibaki nchini. Mwaka 1921 lile jeshi la raia lilifungua karakana mjini Helsinki ili kuzitengeneza upya. Mwaka 1927 karakana ilihamia mji wa Riihimäki. Mwaka 1944 Ufini ilipatana na Urusi ya Kisovyeti kuacha vita, na jeshi la raia likavunjwa. Je, kiwanda nacho kingepotea? Hakikupotea, kwa sababu kilikabidhiwa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Ufini, kikawa mali yake mpaka mwaka 1962. Basi mafundi waliozoea kazi ya vita wakatafuta kazi ya amani. Kazi moja waliyoipata ni kutengeneza bunduki za kuwinda. Ndiyo maana mkusanyaji akiziona herufi hizo nne, huona historia ya nchi nzima.

Mwalimu aandike tena: 7x33. Tusome: saba kwa thelathini na tatu. Namba ya kwanza ni unene wa risasi, milimita 7. Namba ya pili ni urefu wa ganda, milimita 33. Risasi hii ndogo ilibuniwa na Sako mwaka 1942 kwa kuwinda ndege wakubwa wa msituni. Risasi kubwa ingemrarua ndege na kuharibu nyama. Kwa risasi ndogo, mafundi walitengeneza komeo dogo na chemba fupi, na bunduki ikawa nyepesi mkononi.

Baada ya vita bunduki hiyo ndogo ilitengenezwa kwa jina la L46. Namba 46 ni ya mwaka 1946. Ikafuata L57 ya mwaka 1957, ya risasi za kadiri, na L61 ya mwaka 1961, ya risasi ndefu. Katika biashara bunduki za Sako za kadiri hizo tatu ziliitwa Vixen, yaani mbweha jike; Forester, yaani mtu wa msituni; na Finnbear, yaani dubu wa Ufini. Mbweha ni mdogo na dubu ni mkubwa. Ndivyo zilivyo na bunduki. Kila komeo lilichongwa kwa kadiri ya risasi yake, na hilo ndilo wanalolisifu wakusanyaji mpaka leo.

Sasa sikilizeni jambo la hatari. Bunduki nyingi za kijeshi za Kirusi, aina ya Mosin-Nagant, ziligeuzwa huko Ufini kuwa za kuwinda. Mtutu uliokuwa wa milimita 7.62 ulipanuliwa ukawa wa 8.2, na risasi yake huandikwa 8.2x53R. Kwa macho bunduki mbili hizo hufanana. Mtu akitia risasi isiyo yake, anaweza kuipasua bunduki usoni mwake. Basi soma kwanza namba iliyo juu ya mtutu. Kisha mpe fundi wa bunduki aupime, kwa sababu pengine mtutu ulipanuliwa na namba ya zamani ikaachwa palepale. Komeo nalo likiwa na namba, ilingane na namba ya bunduki. Komeo la bunduki nyingine huenda lisifunge sawasawa.

Na utunzaji je? Wako wanaosugua chuma kwa msasa ili king'ae. Hiyo ni hasara. Msasa hula herufi na namba, na bunduki hugeuka kama barua iliyofutwa wino. Mkusanyaji mwenye akili hupangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo, akaacha alama zote mahali pake. Mikwaruzo ya kitako nayo huiacha, kwa kuwa ni kumbukumbu ya kazi.

Mwisho, sheria. Bunduki ikiwa kuukuu bado ni bunduki. Kwetu Tanzania na Kenya, kama ilivyo huko Ufini, haiwekwi nyumbani bila kibali. Hufungiwa mahali pa salama, mbali na watoto, nayo haina risasi ndani. Mtu asiye na kibali hakosi kitu: wanaofika Riihimäki huzitazama katika jumba la makumbusho ya uwindaji.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Katika 7x33, namba 33 ni ya nini?
2. Kwa nini karakana ya Sako haikupotea mwaka 1944?
3. Kwa nini haifai kusugua bunduki kuukuu kwa msasa?
4. Kwa nini mtutu hupimwa hata kama namba yake inasomeka?

Kila mmoja aandike majibu katika daftari lake. Kisha tazameni vyombo vya nyumbani, kama vile cherehani, baiskeli au taa, mwandike namba na herufi mtakazoziona juu yake. Juma lijalo tutazisoma. Kwaherini.