Mashine ya Kukoboa Mpunga: Mota ya Umeme au Injini ya Dizeli?

Mazungumzo ya redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, pamoja na maswali ya kujadiliana

Somo la leo linawahusu hasa wakulima wa mpunga wa Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Lakini mtu wa Kyela, au wa Mwea kule Kenya, naye atapata la kumfaa. Tafadhali uwe na kalamu karibu, maana leo tuna hesabu.

Mwaka 1969 nchi yetu ilikuwa na masomo ya redio kwa watu wazima yaliyoitwa "Kupanga ni Kuchagua". Jina hilo linatufaa leo. Tuseme wakulima wameweka fedha zao pamoja, nao wanataka kununua mashine ya kukoboa mpunga. Je, iendeshwe kwa mota ya umeme, au kwa injini ya dizeli? Mmoja husema, "Umeme ni rahisi." Mwenziwe hujibu, "Dizeli haikatiki." Wote wawili wamesema kweli, lakini kila mmoja amesema nusu yake. Nia yangu ni kukupa kipimo cha kuzipima nusu hizo mbili, wewe mwenyewe, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Jambo hili si dogo. Katika Katavi mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili hivi, na mpunga huvunwa mvua zikiisha. Basi kazi ya mashine hujaa katika miezi michache. Katika miezi hiyo mkulima ana ada ya shule ya kulipa, ana deni la mbolea, na mnunuzi amekwisha kufika na mizani yake. Mashine ikisimama wiki mbili tu, mkulima huuza mpunga na maganda yake, kwa bei atakayoambiwa. Aliyekoboa ana mchele wa kuuza, ana chenga za kupika nyumbani, na ana pumba za kulishia kuku. Kwa hiyo unapochagua kati ya mota na injini, unachagua pia kama utaingia sokoni na mpunga au na mchele.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Mota na injini hufanya kazi moja, yaani kuzungusha puli na mkanda unaozungusha mashine. Mashine yenyewe haijui inazungushwa na nini. Nguvu hupimwa kwa farasi au kwa kilowati, na farasi mmoja ni wati 746. Mashine inayotaka farasi 20 inataka kilowati 15 hivi, iwe kwa umeme, iwe kwa dizeli.

Swali hili huulizwa hata katika mambo ya mchezo. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaotengeneza ndege ndogo, zinazoruka kwa kumzunguka mwenyewe, naye amezishika kwa nyuzi nyembamba za chuma. Kwa miaka mingi ndege hizo ziliendeshwa kwa injini ndogo sana, zinazochoma spiriti iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha. Siku hizi wengine hutumia mota na betri. Wao hubishana juu ya uzito, maana ndege lazima iibebe betri yake angani. Mashine ya kukoboa hairuki. Imefungwa kwa nati juu ya zege, na umeme wake huletwa na nguzo. Kila kazi ina kipimo chake. Kwetu sisi kipimo si uzito. Ni mambo mawili: gharama ya kukoboa gunia moja, na saa ambazo mashine itakaa bure.

Tuanze na mota ya umeme. Mota ina sehemu chache zinazolika. Haina pampu ya mafuta, haina chujio la hewa, haina oili ya kubadilishwa kila baada ya saa kadhaa. Hubonyezwa swichi, ikazunguka kwa mwendo wa namna moja, na mwendo wa namna moja husaidia punje zisivunjike ovyo. Lakini kabla hujaisifu, tazama mambo matatu.

La kwanza ni fezi. Umeme wa nyumbani huja kwa fezi moja. Mota ya farasi 20 inataka umeme wa fezi tatu, wa volti 400. Kuona nguzo imepita mlangoni hakutoshi. Nenda ofisi ya TANESCO ukaulize kama laini hiyo ni ya fezi tatu, kama transfoma itaumudu mzigo wako, na gharama ya kukuunganisha ni kiasi gani. Ile shilingi 27,000 inayotajwa vijijini ni ya kuunganisha fezi moja. Usiifanyie hesabu ya mashine.

La pili ni volti kupungua. Ukiwa mwisho wa laini, na watu wote wamewasha, volti 400 zaweza kushuka hadi 340. Waweza kudhani hilo ni jambo dogo. Lakini volti zikishuka hadi sehemu 85 katika 100, nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hushuka hadi sehemu 72 tu. Mota itanguruma bila kuzunguka, itapata moto, na nyaya zake za ndani zitaungua. Kumbuka pia kwamba mota ya kilowati 15, ambayo ikiwa kazini huvuta ampea 30 hivi, ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Ndiyo sababu mafundi huifungia swichi ya kuwasha kwa hatua mbili, na ndiyo sababu mashine huwashwa ikiwa tupu, mpunga hufuata baadaye.

La tatu ni fezi moja kukatika huku mbili zimebaki. Hii ndiyo ajali inayoua mota nyingi, kwa sababu mota iliyokwisha anza huendelea kuzunguka na mwenye kazi hatambui kitu mpaka aone moshi. Dawa yake ni kifaa cha kinga kinachokata umeme chenyewe mara fezi moja inapopotea. Usikubali fundi akufungie mota bila kifaa hicho, hata akikuapia kwamba hapa umeme haukatiki.

Sasa injini ya dizeli. Huyu ni mtumishi wa zamani katika vijiji vyetu. Wazee wengi wanaikumbuka injini ya Lister, iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, yenye magurudumu mawili mazito na mlio wake wa polepole uliosikika ng'ambo ya bonde. Nyingi za siku hizi ni nyepesi na huenda mbio, mizunguko 2,200 kwa dakika. Sifa kubwa ya dizeli ni uhuru: ikiwa na mafuta, maji na oili, itafanya kazi hata mahali ambapo nguzo haijafika. Mpanda wenyewe unalijua jambo hili, maana kwa miaka mingi umeme wa mjini ulitokana na jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa, kabla ya kujengwa laini kubwa ya kilovolti 132 kutoka Tabora.

Lakini uhuru huo una kodi yake. Vumbi la pumba huziba chujio la hewa. Chujio lililoziba hufanya injini itoe moshi mweusi na kula mafuta. Dizeli iliyoingia maji au mchanga huharibu pampu. Oili isipobadilishwa kwa wakati, injini hufa mapema. Bomba la moshi lazima litoke nje ya banda, tena mbali na lundo la pumba, kwa kuwa pumba kavu hushika moto upesi. Na yuko lazima mtu mmoja ambaye kazi yake ni injini, ajuaye kuisikiliza. Kijana wa kuitia mafuta tu hatoshi.

Haya, sasa kalamu. Mashine ya farasi 20 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima, mota itatumia uniti 17 hivi za umeme. Injini ya dizeli iliyo nzima itatumia kati ya lita 4 na nusu na lita 5. Kwa hiyo ushike kanuni hii: kwa kazi ya mashine, lita moja ya dizeli ni kama uniti 3 na nusu za umeme. Zidisha bei ya uniti unayopata katika Luku kwa 3 na nusu, kisha ulinganishe na bei ya lita hapo kijijini kwako, si ile ya Dar es Salaam.

Tuchukue bei za mfano tu. Tuseme uniti ni shilingi 300 na lita ni shilingi 3,000. Saa moja ya umeme ni uniti 17, yaani shilingi 5,100. Saa moja ya dizeli ni lita 5, yaani shilingi 15,000. Kama mashine inakoboa magunia 8 kwa saa, basi kila gunia hula umeme wa shilingi 640 hivi, au dizeli ya shilingi 1,875. Hapa mwenye kusema "umeme ni rahisi" atashangilia.

Asishangilie bado. Tuseme unatoza shilingi 6,000 kwa gunia. Kwa saa moja unapokea shilingi 48,000. Ukitoa nguvu ya kuendeshea, umeme unakubakizia 42,900, na dizeli 33,000. Sasa chukua siku ya kazi ya saa 10 wakati wa mavuno. Dizeli haikusimama, imekubakizia shilingi 330,000. Umeme ukikatika saa 2, umefanya kazi saa 8, umekubakizia 343,200. Bado umeme uko mbele. Ukikatika saa 3, umekubakizia 300,300, dizeli imepita. Umeona? Kwa bei hizi mpaka uko kati ya saa 2 na saa 3 katika kila saa 10. Bei zako zitakuwa nyingine, na mpaka wako utakuwa mahali pengine, lakini njia ya kuutafuta ni hiyo hiyo. Kama wateja wako hukubali kungoja mpaka usiku umeme urudi, basi saa uliyoipoteza haikupotea yote.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kulipa hata senti moja. Nunua daftari. Kwa siku 30, katika msimu wa mavuno, andika kila siku umeme ulikatika saa ngapi kati ya asubuhi na jioni. Mwombe fundi mwenye mita apime volti mara tatu: asubuhi, mchana, na saa mbili usiku. Daftari hilo litakupa shauri ambalo muuzaji wa mota hawezi kukupa, wala muuzaji wa injini.

Shauri langu ni hili. Kama fezi tatu zimefika, volti zinasimama, na daftari linaonyesha umeme haukatiki kupita mpaka wako, chagua mota, na fedha ya vifaa vya kinga uihesabu kuwa sehemu ya bei yake. Kama una injini nzima ya zamani, usiiuze. Iweke akiba ya siku mbaya. Kama laini ni ya fezi moja, au volti zinaanguka, chagua dizeli bila kuona haya, lakini jenga sakafu ya zege yenye nafasi ya mota, maana umeme wa leo si wa miaka kumi ijayo.

Siku ya kubadilisha, angalia puli. Tuseme mashine inataka mizunguko 800 kwa dakika, na puli yake ina upana wa sentimita 36. Injini ya mizunguko 2,200 inataka puli ya sentimita 13. Mota ya mizunguko 1,440 inataka ya sentimita 20. Ukiifungia mota ile puli ya injini, mashine itakwenda mizunguko 520 tu. Mchele utatoka na maganda, nawe utailaumu mota isiyo na kosa. Na mkanda, kwa mota au kwa injini, uwe na kizuizi cha waya, maana nguo na mkono wa mtu haviujui mwendo wake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Lita moja ya dizeli ni shilingi ngapi hapa kwetu? Uniti 3 na nusu ni shilingi ngapi?

2. Laini iliyo karibu na banda letu ni ya fezi ngapi? Nani atakwenda kuuliza, na lini?

3. Mashine ikisimama siku tatu katikati ya mavuno, nani kati yetu atalazimika kuuza mpunga badala ya mchele, naye atapoteza kiasi gani kwa gunia?

4. Nani ataishika daftari ya siku 30?

Ndugu wasikilizaji, swali la nne msilipite. Kikundi kisichompata mtu wa kushika daftari hakijawa tayari kununua mashine ya namna yoyote. Kwaherini.