Gari Lina Bei Mbili: Kuokoa Mafuta Wakati wa Kununua na Kuendesha

(Mazungumzo kwa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, Dar es Salaam)



 

Nimeelezwa kwamba wamo humu wanachama ambao maombi yao ya mkopo wa gari yamekwisha kupitishwa, na wengine wamo mbioni kuyajaza. Hao ndio hasa niliokuja kuzungumza nao. Mwenye gari anaweza kurekebisha uendeshaji wake tu. Asiyenunua bado anayo nafasi ambayo mwenzake ameshaitumia, nayo ni nafasi ya kuchagua.

Mjomba wangu alinunua gari kwa sehemu ya mafao yake ya kustaafu. Lilikuwa gari zuri, refu, lenye injini ya lita tatu, na bei yake aliipatana kwa ustadi. Jambo moja tu hakuliuliza: linakula mafuta kiasi gani. Mwaka wa kwanza gari lilitembea kila siku. Mwaka wa pili lilitembea Jumapili. Mwaka wa tatu lilikaa chini ya turubai uani, na mjomba akarudi kupanda daladala. Gari halikuharibika. Lilimshinda kulisha.

Ndiyo maana nasema gari lina bei mbili. Ya kwanza unailipa mara moja, na watu hukupongeza. Ya pili unailipa kituo cha mafuta kila wiki, kwa muda wote utakaokuwa nalo, wala hakuna anayekupunguzia kwa sababu una mkopo.

Hesabu ije kabla ya ufunguo

Tufanye hesabu pamoja. Kwa wepesi tu, tuchukulie lita moja ya petroli ni shilingi 3,000, na kwamba utatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litahitaji lita 1,000, yaani shilingi 3,000,000. Gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita litahitaji lita 1,875, yaani shilingi 5,625,000. Tofauti ni shilingi 2,625,000 kwa mwaka. Mkopo wako ukiwa wa miaka minne, tofauti hiyo itafika shilingi 10,500,000. Kwa hiyo, yule anayekuambia kwamba gari kubwa limezidi gari dogo kwa milioni tatu tu amekutajia bei ya kwanza na kuinyamazia ya pili.

Hesabu hii ina mtego mmoja. Tumezoea kusema kilomita kwa lita, na kipimo hicho hutudanganya kidogo. Aliyehama kutoka gari la kilomita 15 kwa lita kwenda la kilomita 20 ataonekana ameruka hatua tano. Aliyehama kutoka kilomita 6 kwenda 8 ataonekana amesogea mbili tu. Lakini kwa kilomita 15,000, wa kwanza ameokoa lita 250, na wa pili ameokoa lita 625. Basi unapolinganisha magari, uliza ni lita ngapi kwa kilomita 100. Hapo ukweli hujitokeza wenyewe, na utaona kwamba faida kubwa iko kwa yule anayeachana na gari linalokula sana.

Mambo ya kuangalia unaponunua

Kwanza, pima haja yako. Safari nyingi za mtu wa mjini ni za mtu mmoja au wawili, nyumbani na kazini. Injini ya lita moja hadi moja na nusu, kama zile za Vitz, Passo au IST, inatosha safari hizo. Ikiwa unakwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, usinunue gari la kwenda kijijini ili likae foleni ya Tazara siku nyingine zote. Vivyo hivyo kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne: ni zito zaidi na lina vyuma vingi zaidi vya kuzungusha. Linamfaa ambaye barabara yake inalidai. Kumbuka pia kwamba ushuru wa bidhaa kwa gari linaloagizwa hutegemea ukubwa wa injini, hivyo injini ndogo hukupa nafuu kabla hata gari halijatoka bandarini.

Pili, zisome kwa uangalifu takwimu za matumizi zinazoambatana na magari ya Japani. Hupimwa katika maabara, kwa utaratibu uitwao 10-15 kwa magari ya zamani na JC08 kwa yaliyofuata. Gari la maabara halikai foleni, halibebi abiria watano, wala halipandi kilima likiwa limewasha kipoozi. Zitumie takwimu hizo kulinganisha magari yaliyopimwa kwa utaratibu mmoja. Usizitumie kupangia bajeti ya nyumba.

Tatu, gari lililotumika lina historia, na historia hiyo huonekana katika mafuta. Mwombe fundi unayemwamini wewe, si wa muuzaji, alikague. Taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi, breki zinazobana gurudumu wakati hujazikanyaga, tairi zilizolika upande mmoja: kila moja ya dalili hizi ni pesa itakayotoka mfukoni mwako. Kama ni gari la haibridi, ambalo kweli hufaidi sana katika foleni, afya ya betri yake kuu ipimwe kabla hujalipa, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kumeza akiba ya miaka kadhaa.

Nne, kwa wakazi wa Dar es Salaam na Pwani ipo njia ya gesi asilia iliyoshindiliwa. Kabla ya kuifunga katika gari lako jiulize maswali matatu: gharama ya kuifunga itarudi baada ya kilomita ngapi? Vituo vya gesi viko katika njia ninayopita kila siku? Je, niko tayari kupoteza sehemu ya buti kwa ajili ya mtungi? Majibu yakiridhisha, nenda kwa karakana iliyoidhinishwa. Mtungi wa gesi yenye shinikizo kubwa si kazi ya kubahatisha.

Haki yako kituoni

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka yetu ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila eneo. Wengi hudhani kikomo ndiyo bei iliyopangwa. Sivyo. Kikomo ni dari: kituo hakiruhusiwi kuipita, lakini kinaruhusiwa kuuza chini yake. Kituo kinachouza pungufu kinastahili kupata biashara yako. Bei ya eneo lako unaweza kuipata kwa simu ya mkononi kwa kupiga *152*00#, na kituo kinalazimika kuonesha bei zake kwenye bango linaloonekana wazi.

Mbele ya pampu, hakikisha namba zimeanzia sifuri. Kisha dai stakabadhi inayoonesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, kiasi na bei ya lita. Watu huichukulia stakabadhi kama karatasi ya kutupa dirishani. Siku utakapohisi umeuziwa zaidi ya kikomo, au mafuta yamelitia gari lako kwikwi, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Bila hiyo malalamiko yako hugeuka neno lako dhidi ya neno la mwenye kituo.

Wapo pia wanaodamka alfajiri kununua mafuta, wakiamini kwamba yakiwa na baridi huwa mengi zaidi. Matangi ya vituo yamefukiwa ardhini, na joto la mle ndani hubadilika kidogo sana kati ya asubuhi na mchana. Laleni tu.

Mguu wa dereva

Gari likishanunuliwa, msimamizi mkuu wa matumizi ni mguu wako wa kulia. Kila ukikanyaga breki kwa nguvu, unatupa mwendo uliokwisha kuulipia. Anayeona taa nyekundu mbele na bado anaongeza mwendo hununua mafuta kwa ajili ya kuyachoma kwenye breki. Acha nafasi mbele yako, tazama mbali, achia mafuta mapema.

Katika barabara kuu, adui ni upepo. Ukizani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 110, hewa inayokuzuia huongezeka kwa karibu nusu. Na faida yake? Katika kilomita 100 utakuwa umewahi kwa dakika 12. Kopo la soda njiani hutumia muda huo huo, achilia mbali kusimamishwa na askari mwenye tochi.

Bandu bandu huisha gogo. Injini ya kawaida inayounguruma bila gari kwenda hutumia takribani nusu lita hadi lita moja kwa saa. Mzazi anayemsubiri mtoto getini kwa nusu saa kila siku, siku 250 kwa mwaka, akiwa hajazima injini, amechoma zaidi ya lita 60 bila kusogea hata hatua moja. Tairi zilizopungua upepo nazo hulifanya gari liwe kama linapanda kilima siku zote. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva. Pima tairi zikiwa za baridi, angalau mara moja kwa mwezi. Shusha pia keria isiyo na mzigo na vitu vilivyosahauliwa katika buti.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Wapo madereva wanaoweka nyutro, au hata kuzima injini, wanaposhuka milima kama Kitonga au Sekenke, wakidhani wanaokoa mafuta. Katika magari ya kisasa jambo hilo haliokoi kitu. Gari linaposhuka likiwa katika gia na mguu ukiwa umeachia, kompyuta ya injini hukata mafuta kabisa. Likiwa nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Unapozima injini, breki huwa nzito na usukani huwa mgumu. Unapoweka nyutro, breki peke yake hubeba uzito wote hadi hupata joto na kushindwa kazi. Hapo mtu hutoa uhai kwa akiba ambayo haipo. Shuka ukiwa katika gia ndogo.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuna desturi ya kusema "weka ya elfu ishirini" na kuondoka. Tunajua pesa iliyotoka, hatujui lita zilizoingia. Jaza tangi mara moja, andika kilomita. Tembea kama kawaida, kisha jaza tena katika kituo kile kile na uandike lita zilizoingia. Ikiwa umetembea kilomita 400 na zimeingia lita 36, gari lako linakula lita 9 kwa kilomita 100. Rudia kila mwezi. Siku itakaposomeka 11 bila sababu, mwone fundi kabla ufa haujawa ukuta.

Ndugu wanachama, mkopo mnaoomba hapa ni jasho la wenzenu waliokaa humu. Kabla ya kutia sahihi, chukueni karatasi mkaandike bei zote mbili za gari mnalolitaka. Kama jumla yake mnaiweza, nunueni kwa amani. Kama hammudu ya pili, tafuteni lililo dogo zaidi, mkaliendeshe kila siku, nalo turubai libaki dukani.