Gari Letu Linapiga Risasi: Tusinunue Kabureta Bado

(Mazungumzo ya fundi wa ushirika kwenye mkutano wa wanachama, Jumamosi. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Hoja iliyo mbele yetu ni moja. Halmashauri inaomba ruhusa itoe fedha ya maziwa ya mwezi mzima inunue kabureta mpya ya Land Rover. Mimi nasema tungoje. Nitaeleza polepole, maana wengi hapa hamjawahi kufunua boneti.

Injini ilipelekwa mjini kufanyiwa ovahoo kwa sababu ilikuwa inakula oili. Imerudi, moshi wa buluu umekwisha, lakini nguvu hakuna, na kila dereva akikanyaga mafuta ghafla inapiga pa! kwenye kabureta. Kabureta yenyewe haikufunguliwa, hata risiti inasema hivyo. Ilikwenda nzima ikarudi ileile. Sasa ugonjwa uliokuja baada ya injini kufunguliwa, tuutafute kwanza pale mkono wa fundi ulipopita.

Neno mnalosikia tukibishana pale bandani ni mvuto. Chukua bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, ziba tundu kwa kidole, halafu vuta. Kidole kinanyonywa, sivyo? Ndio mvuto huo. Pistoni zinavuta hivyohivyo, na geji tunaifunga chini ya kabureta kupima zinavuta kiasi gani. Kipimo chake ni inchi za zebaki.

Kijana mmoja amesoma kitabuni kwamba injini nzima, ikinguruma bila kukanyagwa, isome 17 hadi 21. Yetu inasoma 8, basi akasema imekufa. Kitabu hakikosei, ila kinasema habari za pwani. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na kwa kila mita 300 unapoteza kama inchi 1. Sisi tuko mita 1,800 hivi, kwa hiyo toa 6. Injini nzima hapa kwetu isome kati ya 11 na 15. Kwa hiyo 8 ni pungufu kweli, lakini si pungufu ya kutisha kama alivyosema.

Tena tazameni mshale wenyewe, si namba tu. Valvu moja ikikwama au ikiungua, mshale unarukaruka kwa mpigo. Wa kwetu umetulia tuli pale kwenye 8. Mshale uliotulia chini unasema shida ni ya silinda zote kwa pamoja: ama hewa inaingia kwa wizi, ama moto unachelewa, ama valvu zote zinafunguka kwa kuchelewa.

Hewa ya wizi nimeitafuta. Nimepaka maji ya sabuni kwa brashi kwenye gasketi ya manifoldi na shingo ya kabureta, injini ikinguruma. Hayakunyonywa, mlio haukubadilika. (Wako wanaotafuta kwa kumwagia petroli. Jamani, injini inayopiga risasi inatema moto! Na chujio la hewa lisivuliwe wakati wa kuwasha, wala kijana asichungulie kabureta dereva akikanyaga.)

Tapeti nimepima, zote inchi 0.010. Tapeti ikibana, valvu haifungi sawasawa na moto unarudi kwenye kabureta, ndiyo maana nilianza nazo. Nyaya za plagi zimefuata mpango wake, 1-3-4-2. Mgandamizo wa silinda zote nne unafanana, ila uko chini kidogo. Nikatia kijiko cha oili kila silinda, haukupanda. Basi ringi hazina kosa.

Ikabaki saa. Nililegeza distributa nikaizungusha kidogo kidogo kuwahisha moto. Mshale ulipanda hadi 9, halafu injini ikaanza kugonga. Kama kosa lingekuwa la moto peke yake, mshale ungepanda ukafika mahali pake. Haukufika.

Kwa hiyo nashuku cheni ya taimingi imefungwa ikikosea jino moja. Kosa hili linajificha. Distributa inazungushwa na kemshafti, hivyo kemshafti ikichelewa moto nao unachelewa. Fundi anazungusha distributa, moto unakaa sawa, anaridhika. Valvu zinabaki zimechelewa vilevile. Valvu ya kuingizia inachelewa kufunga, pistoni inapanda na kurudisha hewa na petroli kwenye kabureta. Ndiyo sababu mvuto ni mdogo na mgandamizo uko chini kwa zote nne. Kabureta mpya itatemewa kama hii ya zamani.

Kuhakikisha hakuna gharama. Jumatatu baada ya kukamua tutatoa plagi, tutafunua kifuniko cha tapeti, na mtu mmoja atazungusha injini kwa hendeli taratibu. Silinda ya 1 ikimaliza kutoa moshi, valvu ya kutolea inafunga na ya kuingizia inaanza kufunguka. Zote mbili zinacheza pamoja. Hilo litokee pistoni ikiwa juu kabisa au karibu sana na hapo. Tukiona pistoni imekwisha anza kushuka sana ndipo zinacheza, cheni imekosea. Kazi ni kufungua kifuniko cha mbele, kuipanga upya, na kununua gasketi yake.

Tukikuta cheni iko sawa, nitarudi hapa hapa na hoja ya kabureta ipigiwe kura. Naomba watu wawili wenye nguvu wa hendeli, na mmoja mwenye macho mazuri. Maziwa ya Jumatatu na Jumanne yaende kwa punda, na mwenye punda ajiandikishe kwa Katibu kabla hatujatawanyika.