Miaka Sita Nyuma ya Dirisha la Benki

(Hotuba iliyotolewa Siku ya Wanafunzi wa Zamani. Inachapishwa kwa ombi la Kamati ya Jarida.)



Kamati iliniomba niwaeleze wanafunzi wa Kidato cha Nne na cha Sita jinsi kazi ya benki ilivyo, kwa sababu wengi wao wameandika kwamba wanataka kuwa mameneja wa benki. Hakuna hata mmoja aliyeandika karani. Leo mimi ni mhasibu serikalini, lakini nilipomaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005 niliajiriwa katika benki moja kubwa, ambayo mtaniwia radhi nisipoitaja jina, nikakaa huko miaka sita.

Digrii yangu haikunifikisha kwenye kiti cha meneja. Ilinifikisha dirishani, katika tawi la mji mmoja wa kusini, nikihesabu noti. Asubuhi, kabla wateja hawajaingia, chumba cha kuhifadhia fedha hufunguliwa na watu wawili wenye funguo mbili tofauti, na hakuna mmoja anayeruhusiwa kuzishika zote. Kisha kila karani huhesabiwa fedha zake na kutia sahihi. Bunda moja la noti 100 za shilingi 10,000 ni milioni moja. Siku za kwanza moyo hudunda ukilishika. Baada ya mwezi ni karatasi tu, tena karatasi chafu, na msimu wa korosho hunuka korosho.

Watu hudhani mlango wa benki ukifungwa makarani wanakwenda nyumbani. Kumbe hapo ndipo shughuli inapoanza. Hapana budi fedha zilizo ndani ya sanduku lako zilingane na hati zako, shilingi kwa shilingi. Zikipungua 10,000, unapitia hati moja moja mpaka usiku. Usipoiona, katika tawi letu ulikuwa unailipa mwenyewe. Zikizidi, usifurahi. Ziada nayo ina mwenyewe: kuna mtu amekwenda zake na fedha pungufu, na pengine hajui.

Mshahara? Najua mnangoja niseme. Ulitosha chumba, chakula na mashati meupe mawili. Ndugu zangu lakini waliamini kwamba fedha zote nilizozihesabu ni kama zangu. Mjomba wangu alinijia akitaka mkopo wa kununua pikipiki, nikamweleza kwamba fedha za benki ni amana za watu, kwamba sehemu yake hukaa Benki Kuu na nyingine hukopeshwa kwa dhamana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini wewe si ndiye unayekaa nazo?"

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mabenki yalipotaifishwa Februari 1967 na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, ile iliyogawanywa mwaka 1997. Enzi hizo, karani aliandika kwa mkono katika daftari kubwa, na mkubwa wake akatia sahihi pembeni. Sisi tulikuta kompyuta, ila utaratibu ni ule ule: mmoja huingiza malipo, mwingine huyaidhinisha. Kilichobadilika ni kwamba sahihi imekuwa neno la siri. Sahihi yangu kuiga ni kazi. Neno la siri mtu anaweza kukuomba tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa Novemba 2008, mwaka mmoja baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza Mtwara. Viongozi wa vyama vya msingi walikuwa wanachukua fedha za kuwalipa wakulima, na foleni ilizunguka jengo. Nilikuwa nimeshapewa madaraka ya kuidhinisha malipo madogo. Mwenzangu wa dirisha la pili akaniambia, "Ndugu yangu, ukija huku kila mara watu watalala hapa. Nipe neno lako, leo tu." Nikampa. Jioni hesabu zikalingana kila mtu, tukaenda kula pamoja.

Ile "leo tu" sikuifuta kesho yake. Kubadili neno la siri ni kazi ya dakika moja, nami sikuifanya, kwa sababu niliona ni kama kumwambia usoni kwamba simwamini. Wakaguzi walipokuja mwezi Januari, walikuta shilingi 1,400,000 zimetolewa mara tatu katika akaunti ya bibi mmoja ambaye hakuwa amefika benki tangu Septemba. Aliyeingiza ni mwenzangu. Aliyeidhinisha, kwa mujibu wa kompyuta, ni mimi.

Benki ilimrudishia bibi fedha zake, ambazo alikuwa ameziweka kwa ajili ya ada ya mjukuu. Siku aliyokuja kuzipokea, meneja alitutaka wote wawili tuwepo. Yule bibi akatutazama mmoja mmoja, akaniuliza mimi, "Mjukuu wangu, kati yenu nyinyi wawili mwizi ni yupi?" Nilifungua mdomo nimwambie si mimi, halafu nikakumbuka mara zote tatu ziko kwa jina langu. Sikumjibu. Mpaka leo sijui ningemjibuje.

Mwenzangu alifukuzwa, akashtakiwa, akafungwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa makao makuu kwenye idara ya kukagua hati, na kwa kweli huko ndiko nilikojifunza kazi ninayoifanya sasa wizarani. Vijana ninaowasimamia huniona mkali. Akiniletea mtu hati ambayo mwenzake hajaiona, nairudisha, hata akiwa anaharakia mazishi.

Ndugu Mwenyekiti, sikupanga kusema haya yote, lakini nilipoonyeshwa orodha ya mwaliko wa leo niliona jina moja limekatwa kwa kalamu nyekundu. Ni jina la huyo mwenzangu. Wengi wenu mnamjua. Alilala kitanda cha chini yangu bwenini miaka miwili, na chakula cha jikoni kilipotushinda ndiye aliyekuwa akitugawia mihogo ya kwao. Alimaliza kifungo chake zamani, na sasa ana duka la vipuri vya baiskeli. Nilimpigia simu juma lililopita. Alisema atakuja mwakani iwapo wenzake hawatakataa.

Naomba jina lake lirudishwe kwenye orodha, na kama Kamati itaona vema, jambo hili liamuliwe leo kabla hatujaenda kula.