Kumshikia Mwalimu Nafasi Yake



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi ya kumshikia nafasi mwalimu aliye likizo, kazi tuliyoifanya kabla ya kuingia ofisini. Wengi huidharau. Kweli ujira wake ni haba, na mwisho wake wajulikana tangu mwanzo: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84; zikiisha, mwenye darasa hurudi, na mgeni hufunga mzigo wake.

Lakini mgeni huyo hajui ni nani aliyekwisha kuitwa mjinga. Humwuliza swali mtoto wa nyuma kabisa, ambaye wenzake wamezoea kumcheka, naye hujibu. Twaliona jambo hili si mara moja. Tena mgeni huanzia palipoachwa, kwa azimio la kazi lililoandikwa na mwingine. Hapo hujifunza kuacha daftari lisomekalo. (Ninyi makarani mwaijua thamani ya faili iliyoachwa vizuri!)

Siku ya kukabidhi tulimwandikia mwenye darasa majina ya watoto walioanza kujibu, ili awaulize tena.