Simu Inapovuja Kabla ya Siku Yake

Juni 2019, michoro ya simu ya Pixel 4 ilipovuja, Google haikukanusha wala kunyamaza. Ilitoa yenyewe picha rasmi ya mgongo wa simu hiyo, miezi minne kabla ya uzinduzi wa Oktoba. Kwa maoni yangu, ilifanya uamuzi wa busara.

Mwaka 2010 mambo yalikwenda vingine kwa Apple. Simu ya majaribio ya iPhone 4 ilisahauliwa kwenye baa moja huko California. Tovuti ya Gizmodo ikainunua kwa dola 5,000, ikaifungua na kuianika hadharani. Apple ikaidai kwa barua, na polisi wakapekua nyumba ya mhariri. Hata hivyo, ilipoingia sokoni Juni, ziliuzwa simu milioni 1.7 katika siku tatu.

Ndiyo maana, kwa meneja wa bidhaa, kumsaka aliyevujisha kunaweza kusubiri. Wahudumu wa wateja wanahitaji jibu moja la kweli saa hiyohiyo. Wenye maduka nao, ambao bado wana shehena ya toleo la zamani, wasiachwe gizani.

Ninaowahurumia zaidi ni wahandisi. Wamefanya kazi kwa siri, pengine bila hata kuwaambia wake au waume zao, kisha kazi yao inaonekana ikiwa nusu, bila maelezo. Kuwageuza wote washukiwa ni kuwaumiza mara ya pili. Meneja aanze kwao, kabla hajaenda kwa wanasheria.